Fundi Jeram na Kitambaa cha Idi cha Mama

Harufu ya kitambaa kipya kinapoguswa na pasi ya moto, hiyo ndiyo Ibra yangu, mji wetu huku Oman. Wengine wakiulizwa watataja tende, watataja udi, watataja vumbi la wadi, mto wetu mkavu, baada ya mvua ya kwanza, na wote watakuwa wamesema kweli. Lakini pua yangu mimi ilisomea dukani kwa Fundi Jeram. Kilikuwa kijichumba chenye cherehani mbili na meza moja ndefu, hatua chache kutoka soko la wanawake, lile la Jumatano ambalo mwanamume hatii mguu. Humo mlinuka pasi, mafuta ya cherehani, na chai ya iliki iliyosahauliwa jikoni mpaka ikawa nyeusi. Nilikuwa na miaka kumi, mwishoni mwa miaka ya tisini, na nyumbani nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyenipokonya: kupeleka nguo ya kipimo. Kwetu fundi mwanamume hampimi mwanamke. Anayetaka kushonewa humtuma mtoto na nguo yake ya zamani inayomkaa vizuri, fundi akailaza mezani, akaipima hiyo badala ya mwenyewe. Basi mimi ndiye niliyekuwa mguu na njia, mikono imejaa magauni ya Mama na ya Bibi na ya nusu ya mtaa, kichwani nimebeba maagizo: mikono iwe mirefu, shingo isiwe wazi, na mwambie safari hii asinibane kwapani. Nikifika dukani nusu ya maagizo nimeshayasahau, nayajazia yangu. Mdomo nilikuwa nao, mashaallah, wala sikuazima kwa mtu.

Fundi Jeram alikuwa Mhindi, Mhindu wa Gujarati, mwembamba, mwenye nywele zilizopakwa mafuta na miwani iliyofungwa kwa uzi. Lakini alizaliwa Unguja, baba yake akishona kanzu na makoti mjini, na akaondoka huko akiwa kijana mdogo, kama wazee wetu walivyoondoka, kila mmoja kwa njia yake. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa. Nilikuwa nikimwambia "Shikamoo Fundi," naye akiitikia "Marahaba binti, umetumwa au umejituma?" Bibi yangu mzaa baba, ambaye mpaka anaingia kaburini alihesabu Oman kuwa ni mahali alipofika kwa muda tu, alimpenda kwa lugha hiyo. Mimi nikikosea neno, maana shule nilisoma Kiarabu na Kiswahili changu kilikuwa kinachechemea, alinisuta: "Nenda kwa Jeram akakufunze, Mhindi wa watu ajua kusema na wewe wabwabwaja." Baba yangu ndiye aliyekuwa kafili wake, yaani mdhamini. Leseni ya duka ilikuwa kwa jina la Baba, na pasi ya Fundi ya kusafiria ilikaa ndani ya kabati la Baba, pamoja na hati za nyumba na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Akitaka Baba, Fundi anabaki. Asipotaka, karatasi moja tu inamrudisha kwao India. Mimi mambo hayo wakati huo niliyaona ya kawaida kama mlango na komeo lake.

Mwaka huo Mama alinunua kitambaa cha Idi cha rangi ya kijani kilichoiva, kina maua ya zari yanayometa kila anapogeuka. Akina mama wa mtaani kwetu walikuwa na ugonjwa mmoja: kuona mwenzio kavaa kitambaa chako siku ya Idi ni msiba. Kwa hiyo Mama hakununua kipande cha kumtosha. Alilinunua jora lote lililobaki dukani, ili asiwepo mwingine Ibra nzima wa kuvaa kama yeye. Nguo ikashonwa, ikapendeza, na kikabaki kitambaa kingi. Nilipokwenda kuichukua, Fundi alikikunjua kile kilichobaki, akakipitisha mkononi taratibu, akaniuliza: "Mama yako ana haja na hiki? Nilikuwa nataka nikiombe." Nikamwambia chukua tu. Akasisitiza nimwulize Mama kwanza, nikasema nitamwambia, hana neno. Nikatoka pale na gauni begani, njiani nikapita kwa jirani kula halua, na habari ya kitambaa ikayeyuka pamoja na halua mdomoni.

Wiki kadhaa baada ya Idi mimi na Baba tukaenda Sur, mji wa pwani, kwa Shangazi Zuwena, dada yake Baba, aliyekuwa nesi hospitalini huko. Fundi aliomba lifti. Alikaa mbele na Baba, sanduku dogo mapajani, akasema anakwenda kuonana na Wahindi wenzake. Njia nzima walizungumza habari za betri za gari. Tukaupita mji wa Mintirib, mchanga mwekundu umelala upande wa kulia kama pilipili iliyosagwa, na mimi nyuma nikalala. Jioni ile Baba alikwenda kwa rafiki zake, na Shangazi akaniambia nivae vizuri, wenzake wa kazini wamemwalika kwenye mchezo wa kuigiza. Ukumbi ulikuwa wa jumuiya ya Wahindi, umejaa familia nzima nzima, watoto wanapiga kelele, wanawake wana maua ya asumini nyweleni, na nikasikia harufu ile nikamkumbuka Bibi. Nesi wa Kihindi, rafiki yake Shangazi, alikaa katikati yetu. Yeye akimtafsiria Shangazi kwa Kiarabu cha hospitali, Shangazi akinimegea mimi kwa Kiswahili.

Kisa kilikuwa cha kale, cha dini yao, ila mwalimu mmoja kijana alikuwa amekiandika upya, akakiweka katika dunia yetu. Mfalme alikuwa tajiri mwenye kampuni, kavaa tai, simu haimtoki sikioni. Binti mfalme kavaa jinzi. Na palikuwa na shujaa mkubwa wa upinde na mishale ambaye adui zake wanamtafuta, naye ni lazima ajifiche mwaka mzima bila kutambuliwa. Zamani alikuwa ameapizwa na mwanamke wa mbinguni ambaye yeye alimkataa, kwamba ataishi si mwanamume si mwanamke. Basi shujaa akayageuza maapizo yale kuwa maficho. Akasuka nywele, akavaa bangili mpaka kwenye viwiko, akaenda kwa mfalme kuomba kazi ya kumfundisha binti yake kucheza ngoma. Taa zikawaka, mwalimu wa ngoma akaingia, na mimi nikasimama juu ya kiti. Alikuwa amevaa kitambaa cha Mama! Kijani kilekile, zari ileile, kimeshonwa sketi pana inayofunguka anapozunguka. Shangazi akanivuta gauni nikae. Nilikuwa bado sijamjua aliyemo ndani ya nguo ile, maana wanja, rangi ya mdomo na shungi vilikuwa vimemfanya mtu mwingine kabisa. Halafu katikati ya maneno yake mwalimu wa ngoma akaona uzi umening'inia kwenye mkono wa blauzi ya binti mfalme. Akainama, akaukata kwa meno, akaendelea kusema. Lo! Nikajua ni Fundi Jeram.

Nimeona michezo mingi tangu siku hiyo, lakini sijaona mtu aliyekaa katika mwili wake kama alivyokaa Fundi pale. Dukani alikuwa mtu wa kujikunja, mgongo umepinda, anasema ndiyo bwana, ndiyo bibi, kesho itakuwa tayari. Pale jukwaani mgongo ulinyooka. Mkono aliokuwa akishikia mkasi ulifunguka kidole kimoja kimoja, na njuga za miguuni zikaitika kila alipotaka, zikanyamaza alipotaka. Mji ukavamiwa, mtoto wa kiume wa mfalme akajigamba kisha akatetemeka, na mwalimu wa ngoma ndiye aliyeushika usukani wa gari la vita akawafukuza maadui, bangili zinalia. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mwisho mwaka ukatimia, ndugu zake wakaja na upinde, wakamwambia vua hayo mavazi, umekwisha kujificha. Akavua bangili ya kwanza. Akavua ya pili. Ya tatu akaishika, akatugeukia sisi tuliokaa, na Shangazi akanitafsiria kwa sauti ya chini sana: "Asema, mwaka mzima mmesema nimejificha. Nilijificha wapi? Ndani ya nguo hizi, au ndani ya zile za kabla yake?" Nesi akatueleza kwamba katika visa vyao hata miungu hufanya hivyo, yuko mmoja aliyejigeuza mwanamke mzuri ajabu, na mwingine mwili wake nusu mume nusu mke, wala watu hawamcheki. Shangazi akasema wao na dini yao na sisi na yetu, lakini nilimwona anajifuta machozi kwa ncha ya buibui.

Tulikwenda nyuma ya jukwaa kumwamkia. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, jasho limechora mifereji kwenye poda. Aliponiona alishtuka, akatazama sketi, akanitazama mimi. "Ulimwambia mama?" Nikasema ndiyo. Uongo mtupu, na niliusema bila kupepesa. Akashusha pumzi, akaniuliza alikuwaje. Nikamwambia alikuwa mzuri kuliko wote, naye akacheka mpaka wanja ukammwagika. Tulipotoka nje Shangazi alinishika bega: "Sikiza mwanangu. Haya ya Sur yabaki Sur. Umenifahamu?" Nikasema nimefahamu. Na kweli nilifahamu. Nisije nikajitetea kwamba nilikuwa mtoto sijui kitu.

Lakini Mama alinenepa. Ndiyo, jambo zima lilianzia hapo, kwenye biriani za Idi na harusi mbili zilizofuata. Siku moja alasiri, sebuleni wamejaa akina mama wa mtaani, kahawa inazunguka na tende ziko kwenye sinia, Mama akalalamika kwamba gauni la kijani linambana, anataka liongezwe mbavuni. Akaniuliza kile kitambaa kilichobaki kiko wapi. Nikajifanya napanga tende. Akauliza tena, kisha akajijibu mwenyewe: bila shaka Jeram amekila, mafundi wote wezi, na huyu tulimwamini. Mwanamke mmoja akadakia kwamba hata yeye alipungukiwa na kipande mwaka jana. Mwingine akasema Wahindi ndivyo walivyo. Nikahisi masikio yanawaka moto, kwa kuwa mwizi, kama yupo, ni mimi. Nikasema, "Hakuiba, mimi nilimpa." Ningeishia hapo! Hapo ningepigwa kofi moja, nikalia, yakaisha. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa vyote viwili, maana niliona wananitazama hawaamini, nikataka waamini. Nikaongeza: "Na alishonea nguo ya mchezo kule Sur, akawa mwanamke, akacheza, akapendeza kuliko hata wewe Mama."

Toba! Kikombe cha Mama kilibaki hewani. Wageni walikunywa kahawa yao haraka, wakaaga kwa heshima zote, na kabla ya magharibi Ibra nzima ilikuwa inajua kwamba mwanamume amevaa nguo ya mke wa Nassor, akacheza mbele ya watu. Maana kitambaa hakikuwa na mwenzake mjini. Kukiona ni kumwona Mama. Kesho yake wanaume wawili wa mtaani walikuja kwa Baba. Hawakupiga kelele. Walisema tu kwamba wake zao hawatapeleka tena nguo za kipimo kwa mtu wa namna ile, na kwamba yeye Baba ni mtu mwenye jina, afute viza, amrudishe kwao, aibu ikatwe mapema. Baba aliwasindikiza mpaka langoni. Aliporudi alifungua kabati, akaitoa pasi ya Fundi, akaiweka mezani mbele yake. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango, nalia bila sauti. Fundi alikuwa na binti wawili kwao, mmoja posa imeshaletwa, na sote tulijua kwamba akirudishwa kwa aibu posa ile itavunjika.

Bibi akaingia kwa fimbo yake. "Nassor mwanangu, kaa kitako," akamwambia, ingawa Baba alikuwa ameketi. Mkononi alikuwa na picha ya zamani, imekunjika pembe. Kijana mmoja mtanashati, kilemba kichwani, joho, jambia kiunoni, masharubu yamesokotwa. Akamwuliza Baba kama anamjua. Baba akaitazama, akasema labda ni mjomba fulani. "Mjomba! Ni mimi mamako. Siku ya harusi ya binti ami yangu, kwenye ngoma yetu ya wanawake. Masharubu nilichora kwa wanja. Wenzangu walinitunza mpaka mikono ikanichoka kupokea. Na babako alipoiona picha hii alicheka wiki nzima, lakini hakunirejesha kwetu." Baba aliitazama tena ile picha. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira: "Lakini wewe ulikuwa mbele ya wanawake wenzio, Mama." Bibi akajibu pale pale: "Na yeye alikuwa mbele ya watu wake. Mtaa huu nani aliualika?"

Baba hakuwa mtu mbaya. Nataka hili lieleweke, maana hayupo tena wa kujitetea. Alikuwa mtu aliyesimama kati ya mama yake na mtaa wake, akatafuta njia ya katikati. Alimwita Fundi nyumbani alasiri, mimi nikaambiwa nilete kahawa, na nikasimama na birika kama nilivyofunzwa. Fundi alikaa ukingoni mwa godoro, mgongo umepinda kuliko siku zote. Aliomba radhi kwa ajili ya kitambaa. Alidhani Mama ana habari. Hakusema nani alimdanganya. Baba akamwambia hataifuta viza, ila anataka ahadi moja: asicheze tena. Hakusema asicheze Sur, hakusema mwaka huu, hakusema ukiwa chini ya mkono wangu. Alisema asicheze tena, basi, na hakuna kati yetu aliyefikiria kuweka mpaka. Fundi alitazama mikono yake. "Nimekuahidi, Bwana Nassor." Baba akafurahi, akamwambia anywe kahawa, nami nikammiminia.

Siku tatu baadaye aliniita dukani akanipa mfuko nimpelekee Mama. Ndani yake mlikuwa na kile kitambaa. Alikuwa ameifumua sketi yote, mshono kwa mshono, akazitoa nyuzi, akavipiga pasi vipande na kuvikunja vizuri. Mama alikaa navyo mapajani, akavitazama vitundu vidogo vidogo vya sindano vilivyobaki kwenye pindo. Hakuliongeza gauni. Alivifungia sandukuni, na sikumsikia tena akisema kwamba mafundi ni wezi. Wateja wakarudi mmoja mmoja, kwa kuwa hakuna aliyejua kushona shingo kama Jeram, na aibu haina nguvu mbele ya harusi iliyokaribia. Binti yake akaolewa. Alitushonea miaka mingi baada ya hapo, mpaka macho yakamchosha akarudi kwao. Nguo yangu ya harusi aliishona yeye. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia ni mdomo wa nani uliomponza.

Sasa ninafundisha Nizwa, shule ya wasichana. Kila mwaka tunafanya mchezo, na kwa kuwa hatuna mvulana hata mmoja, wasichana ndio wafalme, ndio majemadari, ndio wazee wenye ndevu. Nawachorea masharubu mwenyewe kwa wanja wangu. Mama zao hupiga vigelegele, mwalimu mkuu hupiga picha, na jioni masharubu yanaoshwa kwa sabuni, hakuna anayeitwa na mzazi wala kuapishwa. Nafurahi nao, wallahi nafurahi. Kisha nakaa peke yangu nyuma ya pazia nikikusanya vilemba, najiuliza kwa nini mlango ule unafunguka upande mmoja tu, na kwa nini hata mimi, mwalimu mtu mzima, sijawahi kuusukuma upande wa pili. Fundi Jeram alikuwa nani ndani ya nafsi yake, sijui. Sikumwuliza, na si haki yangu kumpa jina. Najua tu mgongo wake ulikuwa umenyooka wapi.

Miaka miwili baada ya Baba kufariki nilimpeleka Mama Bombay kutibiwa macho, kama watu wetu wengi wanavyokwenda. Fundi alisikia, akapanda treni siku nzima kutoka kwao kuja kumwona. Alikuwa amezeeka, meno mawili hayapo, Kiswahili chake kile kile. Alimletea Mama maembe na akamwulizia Bibi, tukamwambia ametangulia. Hapo ndipo nilipokiri. Nilimweleza yote, uongo wangu wa nyuma ya jukwaa, maneno yangu sebuleni, yote, na nililia kama mtoto wa miaka kumi. Akanipigapiga bega. "Nilijua binti. Nani mwingine angejua?" Ili nibadilishe maneno nikamwuliza kama siku hizi, akiwa kwao, bado anacheza kwenye michezo. Akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. "Nilimwahidi baba yako." Nikamwambia Baba amekufa, Fundi, na hapa si Oman. Akasema ahadi ilikuwa kutocheza tena, si kutocheza Oman.

Mama, macho yamefungwa bandeji, alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaushika wake. Katika maisha yake yote hakuwahi kuushika mkono wa fundi yeyote. "Jeram," akasema, "kwa niaba ya Nassor nakufungulia. Kacheze." Fundi akacheka kidogo, akayagonga magoti yake yaliyovimba kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Halafu akainamisha kichwa juu ya mkono wa Mama, akatushukuru. Akatushukuru mara mbili, kwa adabu ile ile ya dukani, na mimi mpaka leo sijapata pa kuiweka shukurani ile.